Mgeni wa Hanang

Neno kupanga lina maana mbili ambazo nimewafundisha wanafunzi wangu kwa miaka mingi bila ya kuzifikiri sana. Mtu hupanga safari, na mtu hupanga chumba. Wa kwanza huweka mambo katika utaratibu autakao mwenyewe. Wa pili hukaa katika nyumba isiyokuwa yake kwa idhini ya mwenye nyumba. Wote wawili huitwa kwa jina moja, mpangaji. Nilikuwa nikiamini kuwa hayo ni mambo ya kamusi tu, yafaayo kuulizwa katika mtihani na kusahauliwa baada yake. Mwezi wa Desemba mwaka 2023 nilijifunza kuwa mpangaji wa safari naye ni mkaaji katika nyumba ya wengine, na kuwa mimi, pamoja na elimu yangu yote, sikuwa nimepata kubisha hodi katika nyumba hiyo.

Kwetu ni karibu na Buzwagi, upande wa Kahama, mkoani Shinyanga. Aijuaye nchi ile hana haja ya kuambiwa kuwa ni tambarare. Macho ya mtu hutembea juu ya mashamba ya mpunga, mahindi na pamba mpaka yachoke, na kinachoyasimamisha ni majabali machache ya mawe au mbuyu uliobaki peke yake. Kitu kikubwa kuliko vyote tulichokuwa nacho hakikwenda juu, kilikwenda chini: ni shimo la mgodi wa dhahabu. Mgodi wa Buzwagi ulifunguliwa mwaka 2009, na uzalishaji wake ukakoma mwaka 2021. Kaka yangu mkubwa alikula jasho lake ndani ya shimo lile kwa miaka kadhaa. Kwa sababu hiyo watoto wa ukoo wetu walikua wakisikia habari za kina, wala hawakupata kusikia habari za kimo. Nilipowaahidi kuwa likizo ya mwisho wa mwaka nitawapandisha mlimani, binti yangu mdogo aliuliza kama mlima una ukuta wa kuzuia watu wasianguke, kama alivyosikia kwa baba yake mkubwa kuhusu shimo.

Mlima niliouchagua ni Hanang, katika mkoa wa Manyara. Kilimanjaro ulikuwa juu ya uwezo wa mfuko wangu, nao Meru ulikuwa mbali na njia yetu. Hanang ni volkano ya kale iliyolala, yenye kimo cha mita zaidi ya 3,400 kutoka usawa wa bahari, imesimama peke yake juu ya nchi ya Wabarabaig na Wairaqw kama mzee aliyesimama katikati ya watoto waliokaa. Njia yake kutoka kwetu ni nyepesi kwa mtu mwenye subira: Kahama, Nzega, Igunga, mteremko wa Sekenke, Singida, kisha Katesh, mji mdogo ulio chini ya mlima wenyewe. Mwalimu mwenzangu alinipa habari za kijana mmoja wa huko aongozaye wageni. Tulisemezana kwa simu, tukaafikiana siku, nami nikampelekea arubuni, yaani fedha ya kutanguliza. Safari iliwekwa tarehe 18 Desemba.

Niliandika ratiba katika daftari kwa wino, nikapiga na mistari kwa rula. Kulikuwa na saa ya kuondoka, saa ya kula, siku ya kupumzika, siku ya kupanda na siku ya kurudi. Kaka yangu aliisoma akacheka, akaniuliza, “Hata mvua umeipangia saa yake?” Nami nilicheka. Mwaka ule watabiri wa hali ya hewa walikuwa wamekwisha kuonya juu ya mvua kubwa za El Niño, lakini mtu wa Shinyanga hasikii onyo katika habari ya mvua. Nchi yetu hukaa miezi mingi bila ya tone. Mvua inapokuja mapema na kwa wingi, wakubwa hutoka nje wakaitazama, na watoto hupewa ruhusa ya kurowa. Hivyo ndivyo tulivyokuwa mwishoni mwa Novemba: mashamba yalilainika, majaruba yalishika maji, na kila kinywa kilishukuru.

Jumapili ya tarehe 3 Desemba nilikuwa nyumbani Buzwagi, nimetangulia likizo yangu kwa siku chache. Jioni redio ilitangaza kuwa asubuhi ya siku ile sehemu ya Mlima Hanang ilikuwa imeporomoka. Tope, mawe na magogo yalishuka kwa kufuata mkondo wa mto, yakavipitia vijiji vya chini ya mlima, yakaingia katika mji wa Katesh mpaka sokoni. Idadi ya waliokufa ilitajwa, nayo ikawa ikibadilika kila tuliposikiliza tena. Katika siku zilizofuata ilipanda mpaka ikapita watu 80. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai katika mkutano wa dunia juu ya hali ya hewa, alikatisha safari yake, na wiki ile ile alifika Katesh kuwatazama waliofikwa na msiba.

Sasa nitaeleza jambo ambalo halinipi sifa. Niliposikia habari ile nilihuzunika, na huzuni yangu ilikuwa ya kweli, lakini haikutangulia. Kilichotangulia ni daftari. Nilimpigia simu kijana yule, simu haikupokelewa. Basi nikamwandikia ujumbe, na ujumbe wenyewe ninao hata leo: “Habari za huko? Naomba kujua kama safari yetu ya tarehe 18 ingali ipo, na kama haipo, utaratibu wa arubuni ni upi.” Mimi ni mwalimu wa lugha. Nikiupima ujumbe ule kwa kalamu nyekundu, sioni ndani yake kosa la sarufi wala la tahajia. Hata adabu ya juu juu imo, maana nimeanza kwa kuuliza habari. Lakini niliuliza habari kama mtu agongaye mlango huku mkono mwingine umekwisha kushika kitasa.

Siku nne zilipita bila ya jibu. Katika siku hizo kaka yangu alikuwa akikaa nasi barazani kila jioni, na watoto wakimwuliza mlima unawezaje kuanguka. Palikuwa na watu waliodhani kuwa volkano imeamka, lakini wataalamu wa jiolojia wa serikali walisema sivyo, wala si tetemeko la ardhi. Walieleza kuwa sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua, ikalemewa, ikameguka na kugeuka tope. Kaka alilifahamu jambo hilo upesi kuliko mimi. Alichukua kijiti akachora mchangani ukuta wa shimo la mgodi. Alisema kuwa ukuta wa namna hiyo haukatwi wima moja kwa moja. Hukatwa ngazi kwa ngazi, ili jiwe likianguka lisifike chini. Maji hutafutiwa njia ya kutokea, kwa sababu maji yakikaa nyuma ya mwamba huusukuma polepole bila ya kuonekana. Tena kuna vyombo vinavyoutazama ukuta mchana na usiku, na ukisogea kwa kiasi kidogo ambacho jicho haliwezi kukiona, watu huambiwa watoke. Kisha akatupa kijiti chake akasema, “Sisi tulikuwa na chombo cha kututazamia ukuta. Wale wa Hanang, ni nani aliyekuwa akiwatazamia wao?”

Hapana aliyemjibu. Nje mvua ilikuwa ikinyesha, mvua ile ile tuliyokuwa tukiishukuru, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliisikia juu ya bati kwa sikio jingine.

Alhamisi jibu likaja. “Shikamoo mwalimu. Samahani kwa kuchelewa kujibu, tulikuwa tunazika. Hela yako ipo, nitairudisha mtandao ukikaa vizuri.”

Niliyasoma maneno yale nikasimama, nikatoka, nikatembea mpaka ukingoni mwa majaruba. Mtu aliyekuwa akizika aliniomba samahani kwa kuniweka. Alikuwa amenijibu swali langu lote, la kwanza na la pili, kwa ukamilifu ambao mimi sikustahili. Nilimpigia, safari hii akapokea. Nilimpa pole, nikamwomba radhi. Aliipokea kwa upole, kama kwamba ilikuwa desturi ya wageni kuuliza kwanza habari za fedha, naye amekwisha kuizoea. Upole wake uliniuma kuliko lawama ambayo angeweza kunitolea.

Usiku ule tulifanya shauri la ukoo. Mimi nilikuja na daftari, maana tabia haimwachi mtu kwa siku moja. Nilikuwa nimeandika milima mingine. Nilitaja Usambara, nikataja Uluguru, na kwa kuwa nilikuwa nimeanza kutafuta mbali, nikataja hata Elgon, mpakani mwa Uganda na Kenya. Kaka alinikumbusha habari za Bududa, katika miteremko ya Elgon upande wa Uganda, ambako mwezi wa Machi mwaka 2010 kijiji cha Nametsi kilifukiwa na udongo baada ya mvua za namna hii hii. Mvua, alisema, ilikuwa imeenea kotekote. Na kila mlima una watu chini yake. Mke wangu alisema tukae nyumbani. Mwanangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 17, alisema twende Katesh kesho yake, na badala ya fimbo za kupandia tuchukue majembe.

Kila shauri lilikuwa na sura ya haki, nasi tungebishana mpaka usiku wa manane. Mama yangu, ambaye umri umemwondolea haraka ya kusema, aliniuliza, “Huko Hanang, ulikuwa umealikwa na nani?”

Nilimjibu kuwa sikualikwa, nilikuwa nimelipa.

“Aliyekuwa akukaribishe ni nani?”

“Ni kijana yule, mama.”

“Basi mwenyeji wako amefiwa, mwanangu. Mtu aliyekwenda harusini akakuta msiba hageuzi njia akatafute harusi nyingine. Na wala hawavamii wafiwa. Hupeleka rambirambi, akauliza aje lini.”

Kwa maneno hayo daftari langu lilifungwa. Asubuhi nilimwuliza mwenyeji wetu yale mama aliyonifundisha kuyauliza. Mwanangu alikaa karibu ili asikie kama majembe yanahitajika. Kijana yule alishukuru, akasema tusije bado. Wanajeshi walikuwako, Msalaba Mwekundu walikuwako, na watu waliokosa nyumba walikuwa wakilala makambini. Mgeni mwingine angekuwa kinywa kingine cha kulishwa na mgongo mwingine wa kutafutiwa mahali pa kulala. Kisha akasema jambo ambalo sikulitazamia: “Njooni kiangazi, mwalimu. Wakati huo watu watakuwa wamekwisha kutusahau.”

Wahenga wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimeifafanua methali hiyo mbele ya madarasa mengi, nikiwaeleza wanafunzi kuwa ujio wa mgeni huleta neema, kwa kuwa chakula kizuri hupikwa na nyumba hufagiliwa. Sikuwa nimeona kuwa imo ndani yake amri ya wakati. Mgeni huponya anapoitwa, na mwitaji ni mwenyeji. Ajaye kabla ya kuitwa huongeza ugonjwa, hata kama amebeba jembe. Asiyekuja kabisa, akachukua fedha yake akaipeleka mlima mwingine, huyo naye humwacha mgonjwa kwa sababu tu nyumba yake imekoma kupendeza. Kati ya haraka ya mwanangu na woga wangu palikuwa na njia nyembamba, na mama ndiye aliyeiona.

Tulifanya hivi. Arubuni tulimwambia aiweke. Nauli na gharama za malazi tulizokuwa tumeziweka kwa ajili ya Desemba tulizigawa: sehemu tuliipeleka Katesh kuwa rambirambi, pamoja na mchele wa Kahama uliobebwa na gari la waumini waliokuwa wakipeleka misaada, na sehemu tuliiweka kwa ajili ya kiangazi. Mama alitia katika mzigo mfuko wa michembe. Nilimwambia kuwa yamkini watu wa huko hawaijui viazi vilivyokaushwa kwa namna yetu. Alinijibu kuwa njaa huijua.

Likizo yenyewe tuliimaliza Buzwagi. Watoto walipanda mpunga pamoja na binamu zao, wakalalamika siku ya kwanza na kusahau malalamiko siku ya pili. Nilikuwa nikiwatazama, nikijiambia kuwa hayo ndiyo mapumziko ambayo sikuyapanga.

Mwezi wa Julai mwaka 2024 tulikwenda. Tulipoipita Singida, mlima ulianza kuonekana, kwanza kama wingu, kisha kama mlima. Tulipoukaribia, watoto walinyamaza. Ubavuni pake, katika kijani cha msitu, palikuwa na kovu refu la rangi ya udongo, lililoanzia juu na kushuka kuelekea makazi ya watu. Mwenyeji wetu alitupokea stendi. Milima haikutani, lakini wanadamu hukutana. Tulikuwa tumesemezana mara nyingi kwa simu hata tulipoonana ilikuwa kama kwamba tumekuwa majirani tangu zamani. Mikono yake ilikuwa na sugu, na sikumwuliza amezipata wapi.

Siku ya kwanza alitutembeza. Tuliona mahali palipokuwa na nyumba na sasa pana mawe tu, makubwa kama ng'ombe waliolala. Aliwataja waliokuwa wakikaa pale kwa majina yao, mmoja mmoja, kwa sauti ya kawaida, kama mtu asomaye mahudhurio ya darasa. Siku ya pili mwanangu alimwuliza kama kuna kazi. Alicheka, akasema, “Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Leo ni ya ngapi?” Kijana alijibu kuwa ni ya pili. “Basi,” akasema, “jembe limewahi.” Tulifanya kazi kutwa nzima katika kiwanja cha mama yake, tukiondoa udongo mkavu ulioshikamana kama saruji na kuufungua mfereji wa maji uliokuwa umezibwa. Binti yangu alikuta kijiko ndani ya udongo. Alikiosha akampa mama wa nyumba, naye alikipokea kwa mikono miwili, akakitia katika kitenge chake bila ya kusema neno.

Siku ya tatu tulipanda, kwa upande na kwa njia aliyoichagua yeye. Hatukufika kileleni. Tulipofika mahali ambapo msitu unafunguka na kovu linaonekana kwa upande, mwenyeji wetu alikaa juu ya jiwe, nasi tukakaa. Mwanangu alitazama juu, nikaona kuwa anatamani kuendelea. Alimtazama mwenyeji, akakaa naye. Chini yetu Katesh ilikuwa ndogo, na mabati yake yalimetameta. Binti yangu, aliyekuwa amelibeba swali la baba yake mkubwa tangu Desemba, aliuliza, “Mlima huu ni nani anayeutazama?”

“Sisi,” alijibu. “Siku hizi mvua ikinyesha usiku, hapana alalaye.”

Tulikaa pale muda mrefu. Niliwafikiria watu wa Buzwagi wanaolala usingizi mtamu mvua inapopiga bati, nami nikiwa mmoja wao. Niliona kuwa mlima niliouandika katika daftari kwa wino, pamoja na saa ya kuupanda na saa ya kushuka, ulikuwa nyumba ya watu hata kabla haujawa mandhari ya macho yangu. Siku zote nilikuwa nikienda kupanga chumba ndani ya nyumba hiyo. Tope halikubadilisha jambo hilo, lilinionyesha tu.

Tulipoagana, mwenyeji wetu alifanya hesabu ya malipo. Alitoa ile arubuni ya mwaka uliopita mpaka shilingi ya mwisho, ingawa nilimsihi aiache. Alisema kuwa deni ni deni. Nilipofika nyumbani mama aliniuliza kama tulifika juu. Nilimwambia hapana. Aliniuliza kama mwenyeji amepona. Nilifikiri kidogo, nikamwambia kuwa bado, lakini ametuambia tuje tena. Mama aliridhika na jibu hilo. Nililichukua daftari, nikafungua ukurasa mpya, na mahali pa tarehe nikaandika kwa penseli: atakapotuita.